Kuthamini na Kutunza: Swali la Maadili katika Kuhifadhi Angelus Novus

Kitenzi kuthamini kina maana mbili zinazokaribiana pasipo kulingana. Mthamini hukadiria bei ya kitu. Mwenye kukithamini hukienzi bila nia ya kukiuza. Kutunza nako ni kukilinda kitu kisiharibike, na pia ni kumtuza mtu, kama atunzwavyo mwimbaji ngomani. Makala haya yanazipima maana hizi kwa kurejelea Angelus Novus, picha ya malaika aliyoisawiri Paul Klee nchini Ujerumani mwaka 1920, kwa rangi za maji na mistari ya rangi ya mafuta juu ya karatasi isiyozidi sentimita 32 kwa urefu.

Mhakiki Walter Benjamin aliinunua picha hiyo mwaka 1921. Mwaka 1940 alimfanya malaika huyo kuwa taswira ya historia: anayakodolea macho magofu ya wakati uliopita, huku dhoruba ikimsukuma kinyumenyume kuelekea wakati ujao. Mwaka huohuo Benjamin alifariki Portbou akiwakimbia Wanazi. Picha ilimfikia rafikiye, Gershom Scholem, na mwaka 1987 ikaingia katika Makumbusho ya Israel, Jerusalem. Yamkini methali isemayo kizuri chajiuza haitoshi hapa. Anayekadiria ukubwa wa karatasi, sahihi ya msanii na hali ya rangi peke yake huacha nje kile kilichoikuza thamani ya picha hii, yaani jicho lililoitazama na fikra zilizozaliwa humo.

Aidha, mwaka 2015 msanii R. H. Quaytman alibainisha kwamba Klee aliigundisha picha yake juu ya mchoro wa chapa wa karne ya 19 unaomwonyesha Martin Luther. Kwa kawaida mhifadhi huishuku karatasi kuukuu ya nyuma, kwani asidi yake huweza kuigeuza kazi kuwa ya manjano na kuidhoofisha. Hapa, hata hivyo, kubandua kungekuwa kufuta ushahidi: mwanamageuzi wa Kikristo amelala chini ya malaika aliyekuja kufasiriwa kwa mapokeo ya Kiyahudi. Usafi wa kazi haupaswi kununuliwa kwa historia yake.

Mgogoro mkubwa zaidi ni wa mwanga. Rangi nyingi za maji hufifia zikimulikwa. Madhara hujumlika, wala hayarekebishiki. Ndiyo maana majumba ya makumbusho huzionyesha kazi za namna hii kwa muda mfupi, aghalabu chini ya laksi 50, kisha huzirudisha gizani. Kwa mantiki hii, kila atazamaye hupunguza fungu la atakayetazama kesho. Lakini picha isiyotazamwa kamwe imelindwa tu. Haijatunzwa kwa maana ile ya pili. Nakala hazilimalizi swali hili, maana Benjamin mwenyewe alishikilia kwamba nakala hukosa uwepo wa kazi asilia mahali pake na wakati wake.

Suluhisho la haki ni kuugawa mwanga baina ya vizazi, kwa kuwa hakuna kizazi kinachoimiliki kazi peke yake. Benjamin aliikumbuka pia hekaya ya Kitalmudi ya malaika wanaoumbwa ili wamwimbie Mungu kisha watoweke. Wajibu wa mhifadhi, basi, ni kuhakikisha kwamba picha hii, ikiwa lazima ififie, ififie kwa kutazamwa, wala si kwa uzembe.