Itakeni Haki Hata Inapowanyima Bao

Ndugu zangu wa Migori na Homa Bay, akina mama na akina baba, vijana mnaopanda boda boda kutoka Uriri hadi Awendo kufuata mpira, nanyi mnaotoka Mbita mkiwa mmevaa kijani cha Gor Mahia, K'Ogalo wetu: nina neno nanyi, na naomba mlisikilize hadi mwisho.

Uchungu wenu naujua. Mtu ameuza omena wiki nzima, ametenga nauli na kiingilio, amesimama juani dakika 90. Timu yake inafunga bao safi, na mshika kibendera anainua mkono. Bao limekataliwa. Jioni hakuna wa kueleza, na Jumatatu hakuna wa kuuliza. Jumamosi inayofuata refa yule yule yuko uwanjani na filimbi yake, kana kwamba hapakutokea kitu. Asiwaambie mtu kwamba huo ni mpira tu. Anayenyimwa haki mbele ya macho yake mwenyewe ana sababu ya kulia, na kilio hicho ni cha haki.

Lakini nawauliza swali, na kila mmoja ajijibu moyoni. Siku timu yako ilipopewa penalti isiyostahili, ulipiga kelele? Mshambulizi wako alipojiangusha kwenye boksi bila kuguswa, ulisimama ukasema, "Hapana, refa, hiyo si penalti"? Au ulirukaruka, ukamkumbatia jirani, ukamsifu refa kwamba leo ameamka na macho yake?

Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo. Tunachokidai uwanjani mara nyingi ni ushindi, nasi tumeuvika jina la haki. Haki unayoipenda siku inapokufaa tu ni upendeleo, na mtu wa upendeleo hana mdomo wa kumlaumu refa mwenye upendeleo. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 16, inawakataza waamuzi kutazama uso wa mtu na kupokea hongo, kwa kuwa hata mwenye hekima akipokea haoni tena. Kurani, katika An-Nisaa aya ya 135, inawaamuru waumini wasimamie uadilifu hata ukiwageukia wao wenyewe, wazazi wao au jamaa zao. Hata ukiwageukia wao wenyewe! Basi na shabiki wa Rongo au Ndhiwa ausimamie uadilifu hata ukimnyima bao la dakika ya mwisho.

Mnasema marefa wameua mpira wetu. Tazameni Awendo. SoNy Sugar, timu ya mashamba ya miwa, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2006, na kusini yote ya Nyanza ikaimba. Msimu wa 2019/20 timu hiyo hiyo ikaondolewa ligini kwa kushindwa kufika katika mechi tatu. Je, ni filimbi iliyoiangusha? Ni fedha na uongozi. Tukimbebesha refa dhambi za kila mtu, wenye dhambi nyingine wanalala usingizi mnono.

Sasa nazungumza nawe uliyeokota jiwe. Litupe chini! Mwezi Machi 2012, katika uwanja wa Nyayo, mchezaji wa Gor Mahia alionyeshwa kadi nyekundu katika dabi ya Mashemeji, ile ya Gor na wapinzani wao wa jadi. Mashabiki wakachafuka, viti vikang'olewa, mechi ikasimama. Kadi ile ilifutwa? Haikufutwa. Sheria ya 5 ya mchezo huu inasema uamuzi wa refa kuhusu matukio ya mchezo ni wa mwisho, na hakuna jiwe lililowahi kuibadilisha. Aliyeumia ni klabu iliyobeba lawama.

Tena jiwe huzaa dhuluma nyingine. Fikirieni refa wa mashindano ya kijijini, yale ya kugombania fahali. Anakuja peke yake, hana askari, na posho yake haimtoshi hata kulipia matibabu akipigwa. Nyuma ya goli kuna vijana wenye fimbo. Kabla ya filimbi ya kwanza ameshaambiwa kwamba wenyeji wakifungwa hatatoka. Mtu huyo atahukumu kwa macho au kwa hofu? Mwaka 2020, Corona ilipofunga viwanja vya Ulaya, watafiti walilinganisha mechi zilizochezwa bila watu na zile za awali, wakaona kwamba timu za ugenini zilipewa kadi chache kuliko zilivyozoea. Ikiwa sauti za watu walioketi kwa utulivu zinaweza kuipinda filimbi ya refa anayelipwa vizuri na kulindwa na polisi, fimbo zetu zitaifanyaje filimbi ya mwalimu wa shule ya msingi huku Suba? Mnamtisha leo, anawapendelea. Kesho mnakwenda ugenini, mnatishiwa ninyi na kudhulumiwa ninyi, kisha mnauliza haki imekwenda wapi.

Na wewe unayepeleka bahasha, usijifiche nyuma ya wenzako. Hongo haiokotwi barabarani. Mtu huipeleka kwa mkono wake, na mara nyingi ni mtu wa timu anayesema anaipenda timu. Kaunti ya Migori inalijua jeraha hili kwa jina. Aden Marwa, mwalimu wa sekondari kutoka Migori, alipanda kwa juhudi yake hadi kushika kibendera katika Kombe la Mataifa ya Afrika, na akateuliwa kwenda Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi. Siku chache kabla ya mashindano, BBC ikaonyesha video iliyopigwa na waandishi waliojificha, ikimwonyesha akipokea dola 600. Alijiondoa, na mwaka huo huo shirikisho la soka la Afrika, CAF, likamfungia maisha. Dola 600! Mtoto wa kwetu alikuwa amefika mlangoni pa mashindano makubwa kuliko yote duniani.

Simtaji ili tumcheke. Namtaja ili tujiulize tunamfundisha nini kijana anayeanza kupuliza filimbi Kehancha au Oyugis, tunapompa "chai" ya elfu moja kabla ya fainali ya wadi na kumwambia hiyo ni desturi. Anayezoea kupokea elfu moja kijijini hawezi kujifunza kukataa dola mia sita ugenini. Mwenyekiti wa timu, weka pochi yako mfukoni! Diwani unayedhamini kombe, walipe marefa hadharani, kiasi kilekile kwa kila mechi, mbele ya timu zote mbili, kabla mpira haujaanza!

Kisha jifunzeni sheria. Sheria za mchezo ni 17, na kuzisoma hakuchoshi zaidi ya jedwali la ligi mnalolikariri kila Jumatatu. Mara ngapi uwanja mzima umelia "ameotea!" kwa mpira wa kurushwa, wakati sheria inasema wazi kwamba mchezaji haotei akipokea mpira moja kwa moja kutoka kwa mrusho, kona au mkwaju wa golini? Tangu Julai 2025, kipa akiushika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani hupewa kona. Refa atakayeitekeleza sheria hiyo kwa wasioijua ataitwa mwizi, na mwizi hakuwepo. Kelele za wajinga humwokoa refa mbaya, kwa sababu hakuna anayezisikiliza. Shabiki anayejua sheria ndiye anayemtia refa mbaya jasho.

Tena watoeni watoto wenu. Kila kijiji kina vijana ishirini wanaotaka kuwa Michael Olunga, na hakuna mmoja anayetaka kuwa refa. Tunalalamika kwamba filimbi zimeshikwa na watu wasiofaa, na wanaofaa tumewaketisha nyumbani. Salima Mukansanga wa Rwanda alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, Januari 2022. Mkenya Mary Njoroge alishika kibendera Kombe la Dunia la wanawake la 2019, Ufaransa. Binti wa Muhuru Bay anayekimbia vizuri na asiyeogopa watu amepungukiwa nini? Mpelekeni kwenye kozi ya marefa. Mlipieni. Na siku ya mechi yake ya kwanza, akikosea, mvumilieni kama mnavyomvumilia mshambulizi wenu anayepaisha mpira mbele ya goli tupu.

Mkiisha kufanya hayo, pigeni kelele, na kelele hizo zifike Nairobi! Liambieni Shirikisho la Soka la Kenya liwalipe marefa kwa wakati, maana asiyelipwa anawekwa sokoni. Liambieni litangaze hadharani refa gani ameadhibiwa na kwa kosa gani. Septemba 30, 2023, huko Uingereza, Luis Díaz wa Liverpool alinyimwa bao halali dhidi ya Tottenham, mitambo ya video ya VAR ikiwepo na kamera zote zikiwepo. Wasimamizi wa marefa walikiri kosa siku hiyo hiyo, na baadaye wakatoa sauti za mazungumzo ya marefa ili kila mtu asikie. Mitambo yao haikuwaepusha na kosa, lakini hawakulifukia. Sisi hatuna mitambo ile katika viwanja vyetu vya Migori na Homa Bay. Kukiri kosa hakuhitaji umeme.

Wana wa Gor, mnaobeba jina la mganga wa Kanyamwa, kumbukeni 1987. Kombe la Washindi barani Afrika halikuja kwa sababu tuliwafunga Espérance. Katika fainali tulitoka sare 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani. Watunisia hawakupoteza hata mechi moja, na kombe likabaki Kenya, kwa sababu sheria ya mabao ya ugenini ilisema hivyo na refa akaifuata. Siku kubwa kuliko zote katika historia ya klabu yetu tulipewa na sheria iliyoheshimiwa. Tutaidharauje leo kwa sababu imetunyima pointi tatu?

Basi Jumamosi ijayo, uwanjani Awendo, Migori au Homa Bay, anzeni. Mwenye jiwe aliache njiani. Mwenye bahasha airudishe kwa aliyemtuma. Timu yenu ikipewa penalti ya uongo, nahodha amwambie refa ukweli, na ninyi mashabiki mumpigie makofi nahodha huyo kwa nguvu kuliko mnavyompigia mfungaji. Fanyeni hivyo mara moja tu mbele ya watoto wenu, kisha siku mtakapodhulumiwa simameni mdai haki yenu kwa sauti kuu. Hatakuwepo wa kuwafumba mdomo.