Msaada Usioombwa

Je, kumsaidia mtu ambaye hajaomba msaada ni wema au ni utovu wa adabu? Swali hili limekwisha kujadiliwa sana kuhusu sadaka, kuhusu malezi, na kuhusu mataifa tajiri yanavyowapelekea maskini washauri ambao hawakuitwa. Mimi nataka kulitazama katika jambo dogo, ambalo pengine msomaji atalicheka: vile vidokezo vya maelezo vinavyojitokeza kwenye skrini ya kompyuta au simu mtu anapojaza fomu katika tovuti. Kando ya kisanduku kuna alama ya kuuliza iliyozungushiwa duara; ukiigusa hufunguka kijidirisha chenye sentensi moja au mbili. Au hukugusa kitu, na kijidirisha kikakurukia chenyewe.

Sababu ya kuliwaza nimeipata hivi. Baada ya kustaafu ualimu wa Kiswahili, niliombwa na chama kimoja cha kuweka na kukopa kukiandikia vidokezo vya tovuti yake mpya. Wanachama wake wengi ni wauzaji wa sokoni, walimu na wastaafu kama mimi. Vidokezo vilikuwa thelathini na saba. Mwanafunzi wa darasa la saba angeweza kusema kwamba hiyo ni kazi ya siku mbili. Ilinichukua karibu miezi mitatu, na sehemu kubwa ya miezi hiyo haikwenda katika kuandika bali katika kubishana.

Tuanze na adabu. Kwetu mtu hupiga hodi. Hata aliyeleta sahani ya futari, hata aliyeleta dawa ya mgonjwa, husimama nje akaita, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka na sahani yake. Wema wa kile alichokibeba haumpi ruhusa ya kuingia. Sasa tazama watengenezaji wa kompyuta walivyolihangaikia jambo hili. Mwaka 1991 kampuni ya Apple ilipotoa mfumo wake wa saba wa kuendeshea kompyuta za Macintosh, iliweka maelezo ndani ya viputo kama vile vya katuni, lakini mtumiaji ndiye aliyeviwasha mwenyewe kutoka kwenye menyu, na akichoka akavizima. Miaka michache baadaye, katika programu za ofisi za Microsoft za mwaka 1997, kikaja kibanio cha karatasi chenye macho, kilichokuwa kikitokea pembeni mwa ukurasa na kusema kimeona kwamba unaandika barua, je, ungependa usaidiwe? Watu walikichukia duniani kote. Katika toleo la 2001 kilikuwa tayari kimezimwa hadi mtu akiwashe, na katika toleo la 2007 hakikuwamo tena. Maarifa yake hayakuwa mabaya. Kilichowaudhi watu ni kuingia bila hodi, na kurudi kesho yake kana kwamba jana hakikufukuzwa.

Kwa hiyo mtu angeweza kuhitimisha kwamba msaada mwema ni ule unaosubiri kuitwa. Vijana waliokuwa wakiijenga tovuti yetu walikuwa na imani hiyo. "Mwalimu," aliniambia mmoja wao, "anayetaka maelezo atagusa alama ya kuuliza. Asiyetaka tusimsumbue." Maneno haya yana heshima ndani yake, na kwa watu kama yeye ni ya kweli kabisa.

Lakini hodi huitikiwa na aliyeko ndani, tena anayejua kwamba hiyo nyumba ni yake. Mama wa miaka sitini na mitano aliyeletewa fomu kwenye simu hajioni mwenyeji. Yeye ndiye mgeni hapo. Haigusi ile alama ya kuuliza kwa sababu hajui kama inagusika, au anaogopa kuharibu, au mjukuu wake amekaa kando na hataki aonekane haelewi. Tunasema kuuliza si ujinga, na tunalisema mara nyingi kwa sababu hatuliamini. Basi mama huyu hufanya wanavyofanya wengi: huenda steshenari. Pale hupo kijana mwenye kompyuta na mashine ya kurudufia karatasi, ambaye kwa malipo madogo hujaza fomu za mkopo wa chuo, za kodi, za cheti cha kuzaliwa. Mama humkabidhi kitambulisho, simu, na neno la siri. Zamani tulikuwa na waandishi wa barua waliokaa nje ya posta, nao walijua siri za mji mzima. Ila yule mwandishi hakuweza kuitoa akiba yako.

Hapo ndipo vidokezo vyangu vilipopata uzito. Kila sentensi iliyoeleweka ilimrudishia mtu sehemu ya siri yake. Na niligundua pia kwamba sehemu kubwa ya vidokezo ilikuwa ikiziba nyufa za fomu yenyewe. Fomu ilidai "jina la ukoo", nikatakiwa kueleza maana yake. Lakini wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na hakuna lolote kati ya hayo linaloitwa la ukoo. Mwingine angeandika la baba, mwingine la babu, na mwanamke aliyeolewa angejiuliza kama anatakiwa la mumewe. Nikapendekeza kisanduku kiandikwe "Majina yako matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho". Kidokezo kikafa, na ilikuwa haki kife. Fomu ilitaka namba ya kitambulisho cha taifa na kumkataa mtu aliyeweka vistari, ingawa kwenye kadi vistari vipo. Ile namba ina tarakimu 20. Mashine ingeweza kabisa kuviondoa vistari yenyewe. Kwa nini nimfundishe binadamu kazi ya mashine? Palikuwa na tangazo kwamba huduma hufungwa "10:00 PM", ambalo nusu ya wanachama wangelisoma saa kumi, wakakata tamaa jioni na mapema. Tukaandika saa nne usiku, basi.

(Nilijifunza pia jambo la ufundi. Vidokezo vingi vilibuniwa kwa kompyuta yenye kipanya, vifunguke pale kishale kinapopita juu ya neno. Kwenye simu ya kugusa hakuna kishale kinachopita. Shirika linalotunga kanuni za tovuti duniani, W3C, mwaka 2018 liliongeza kanuni kuhusu vijidirisha hivi vya kupitiwa na kishale: mtu aweze kukiondoa, aweze kukipitishia kishale bila kumtoweka, na kibaki hadi amalize nacho. Maneno ya kijivu yaliyotiwa ndani ya kisanduku ndiyo mabaya zaidi, maana hupotea mara mtu anapoandika herufi ya kwanza, yaani pale hasa anapoyahitaji.)

Mabishano makali yalihusu mdhamini. Katika chama kama hiki, mkopaji hudhaminiwa na wanachama wenzake, na akiba ya mdhamini hushikiliwa kwa kiasi alichodhamini. Mkopaji akishindwa kulipa, hukatwa mdhamini. Wakati wa makaratasi mdhamini alikuja ofisini, karani akamsomea kifungu hicho kwa sauti, kisha akauliza, "Umeelewa, mama?" ndipo aliposaini. Nimewaona watu wakiinuka hapo na kuondoka bila kusaini, na hakuna aliyewalaumu. Katika tovuti, mdhamini hupokea ujumbe kwenye simu, hufungua ukurasa wenye jina la ndugu au jirani, na chini yake kitufe kikubwa cha kijani: "Nakubali". Habari ya akiba kushikiliwa na kukatwa ilipangwa iwekwe ndani ya kidokezo, nyuma ya alama ya kuuliza. Ndicho kilichokuwa kidokezo cha thelathini na saba.

Nilisema hapo kwamba hatuwezi kuliita hilo kuwa ni kumweleza mtu. Meneja, ambaye si mtu mbaya, alinijibu kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba maelezo yapo na aliyeyatafuta atayaona, hatudanganyi. Ya pili, kwamba yakiwekwa wazi juu ya kitufe, wadhamini watapungua, na wakipungua watakaoumia ni maskini wanaohitaji mikopo. Hoja ya pili ni nzito, na sikuwa na takwimu za kuipinga. Lakini inakiri jambo: kwamba tunatarajia baadhi ya watu wakubali kwa sababu hawakusoma. Ukijua hivyo, ile alama ya kuuliza haina tena kazi ya kusaidia. Imekuwa pazia, tena pazia lililoshonwa kwa kitambaa kilekile tulichotumia kuwasaidia watu wajaze majina yao. Na kuhusu ile hoja ya heshima, ya kutomsumbua asiyeomba, nilimwuliza yule kijana: mbona ujumbe wa kuwahimiza watu waongeze hisa unafunguka wenyewe, mara mbili, bila hodi? Alicheka, akasema ule umetoka kwa uongozi.

Nadhani kipimo kimejificha hapo. Maelezo yanayomrahisishia mtu kazi yanaweza kusubiri yaitwe. Yale yanayohusu kitu atakachokipoteza hayana haki ya kusubiri. Lazima yasimame mlangoni, kwa herufi za ukubwa uleule wa kitufe, hata kama yanachusha. Karani wetu alikuwa akichusha pia. Alisoma polepole na miwani ikimteleza puani, na foleni ikanung'unika.

Nilivikabidhi vidokezo ishirini na mmoja, kwa kuwa vingine kumi na vitano havikuhitajika tena baada ya fomu kurekebishwa. Cha mdhamini nilikataa kukiandika, nikawapa badala yake sentensi tatu za kuwekwa juu ya kitufe. Tovuti ilipofunguliwa, sentensi moja kati ya hizo ilikuwa juu ya kitufe. Nyingine mbili, ikiwamo ile ya kukatwa akiba, zilikuwa ndani ya duara.