Mkono Mrefu, Mguu Mzito

Tumeulizwa na baadhi ya wasomaji wetu, khasa wake, swali hili: mtu anapopatwa na ugonjwa ambao matabibu wamekata tamaa nao, lipi bora kumfanyia? Tumnunulie kitu dukani kifike upesi, au tuketi wenyewe tumtengenezee kitu kwa mikono yetu? Swali laonekana jepesi, la kujibiwa kwa maneno mawili. Sisi wanawake wa darsa hii tulidhani hivyo pia, na jawabu tulikuwa nalo tayari, mpaka tulipofika Matiliku. Basi tumeona tusijibu ila kwa kueleza yaliyotupata, ingawa si yote yenye kutuletea sifa.

Tulikuwa na jirani mmoja, mama wa Kikamba, aliyekaa nasi mtaani hapa Mombasa zaidi ya miaka 20 akiuza mboga. Watoto wetu walikulia mbele ya meza yake. Alipoingiwa na saratani alitibiwa hata ikafika siku akaambiwa kwamba dawa ya kumponya haipo tena, iliyobaki ni ya kumtuliza. Akachagua kurudi kwao, Matiliku, katika nchi ya Makueni, akae miongoni mwa ndugu zake. Siku ya kuondoka tulikwenda kumuaga. Akatushika mikono, mmoja mmoja, akasema neno moja tu: "Mnijie." Tukamjibu: "Inshallah." Na hapa hatuna budi kusema kweli. Ile haikuwa inshallah ya mtu aliyeazimia jambo akangoja idhini ya Mola wake. Ilikuwa ile yetu ya mjini, ambayo maana yake ni "tutaona".

Tulipokutana tena katika darsa, tukashauriana tumpelekee nini. (Mwatambua: yeye alisema tumjie, sisi twashauriana tumpelekee nini. Wakati ule hatukulitambua.) Mmoja wetu akataja mfarishi. Vijana wetu huenda hawalijui neno hili. Mfarishi ni nguo nene ya kujifunikia, vitambaa viwili vilivyotiwa pamba kati, kisha vikapigwa mishono juu yake yote ili pamba isikimbie ikajikusanya pembeni. Wa pili akapinga. Akasema blanketi la dukani ni rahisi kuliko pamba na nyuzi tutakazonunua, tena litafika kesho kutwa, na Ukambani miezi ya sita na ya saba usiku huwa wa baridi. Maneno yake yalikuwa ya mtu mwenye akili. Walakini wa tatu akatukumbusha khabari ya bibi Zainab binti Jahsh. Wake za Mtume, rehema na amani zimshukie, waliambiwa kwamba atakayetangulia kumfuata ni mwenye mkono mrefu kuwashinda wenziwe. Wakawa wakipimana mikono yao. Zainab alipofariki wa kwanza ndipo walipofahamu kwamba urefu ule ulikuwa wa sadaka, kwani yeye alifanya kazi kwa mikono yake na alichokipata akakitoa. Baada ya khabari hiyo nani angethubutu kutaja tena blanketi la dukani?

Akatokea mwengine akauliza kama yafaa kufanya hivyo kwa jirani asiyekuwa wa dini yetu. Hilo halikutuchukua muda wa kutia uzi sindanoni. Mtume alikuwa na kijana wa Kiyahudi aliyemtumikia. Kijana akaugua, na Mtume akamwendea kumzuru, akaketi kichwani pake. Yaliyofuatia wasomaji wetu wayajua. Tukasema, yakiwa haya ni halali kwa Mtume, basi mfarishi ni halali zaidi, tukafunga shauri. Twastaajabu sasa, watu wazima tuliokaa miaka darsani, tulivyoichukua khabari ya mtu aliyekwenda na kuketi kichwani pa mgonjwa, tukaifanya ushahidi wa kutuma mzigo kwa basi.

Tukashona majuma matano. Hatutasema uongo: yalikuwa majuma mazuri. Kila mmoja alileta leso zake kuukuu. Tukakata mapindo mbali na miji mbali, tukapatanisha nyekundu na nyeusi, tukacheka kwa majina ya leso na visa vilivyotufanya tuzinunue, maana katika miji yetu leso haisemi bure. Wawili waliokuwa hawasemezani tangu harusi ya mwaka uliopita walijikuta wanashona upande mmoja, na upande ukiisha huna budi kumwambia mwenzio "nipishe". Mmoja wetu akatueleza khabari za Wasidi wa Karnataka katika Bara Hindi, ambao asili yao ni Waafrika waliovushwa bahari zamani, wengine watumwa, wengine askari na mabaharia. Wako Waislamu miongoni mwao, wako Mabaniani na Wakristo, na wanawake wao wote hushona mifarishi ya viraka vya nguo kuukuu wanayoiita kawandi. Huanza ukingoni, wakizunguka, wakizunguka, mpaka wakutane katikati. Na kila pembe huwekwa kiraka cha kukunjwa wanachokiita ua. Mfarishi usiokuwa na maua katika pembe zake, wasema, u uchi. Ikatupendeza sana kwamba damu ya pwani yetu imefika huko na sindano mkononi, tukaazimia na wetu uwe na maua manne.

Katika majuma hayo matano hapana hata mmoja wetu aliyekwenda Matiliku. Simu tulipiga. Binti yake alijibu kila mara kwamba mama hajambo kidogo, naye aliuliza kila mara mtakuja lini, na sisi tukamwambia kwa furaha kwamba kuna jambo twamtayarishia.

Tuliseme na neno hospisi, maana wengi hudhani ni jengo la kwenda kufia. Bibi mmoja wa Kiingereza, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea utabibu, alifungua London mwaka 1967 nyumba iitwayo St Christopher's. Akafundisha kwamba maumivu ya mwenye kuelekea kufa si ya mwili peke yake: yamo ya moyo, yamo ya jamaa na mambo ya nyumbani, yamo ya roho inayouliza. Kazi hiyo ilifika Harare mwaka 1979, Nairobi mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993 kwa mkono wa daktari Anne Merriman, aliyehimiza mofini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji, ambayo mgonjwa aweza kuinywa nyumbani kwake bila ya sindano. Uganda ikaongeza kwa sheria ya mwaka 2004 kuwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hii waiandike dawa hiyo wenyewe, kwa kuwa madaktari hawatoshi. Katika nchi zetu sehemu kubwa ya hospisi ni miguu: muuguzi atoka, aenda mpaka mlangoni, aketi, auliza umelalaje. Jirani yetu naye alikuwa mikononi mwa watu wa namna hiyo. Basi na tujipime kwa kipimo hicho cha yule bibi. Mfarishi wetu ulikuwa wa kutibu sehemu gani ya maumivu? Baridi, labda. Lakini baridi alikwisha kuisitiri kwa blanketi, na la dukani.

Mwisho tukaenda, watatu kwa niaba ya wengine, kwa sababu mfarishi ulikuwa mkubwa tukaogopa usipotee njiani. Hiyo ndiyo sababu iliyotupeleka, wala hatuipambi. Tulishuka Emali katika barabara ya Nairobi, tukapanda gari jengine. Nyumba ilikuwa ndogo, safi. Tulitaraji kumkuta peke yake na binti yake. Tukakuta wanawake wanne wameketi chumbani, wawili juu ya vigoda, mmoja chini, mmoja ukingoni mwa kitanda, na kila mmoja anasuka kiondo. Nyuzi za katani zapita, vidole vyaenda, hapana anayemkodolea macho mgonjwa wala anayemkimbia. Mara mmoja atasema neno la soko au la ng'ombe, mgonjwa atajibu au hatajibu. Akikohoa, aliye karibu aweka kiondo chini, amwinua, amnywesha maji, arudi katika kiondo chake. Tukaambiwa wanakuja kwa zamu tangu siku aliyofika. Wakamba wana jambo lao la kale waliitalo mwethya, watu kukutana kufanya kazi ya mmoja wao, na matuta yaliyozuia udongo usichukuliwe na mvua katika vilima vya nchi hii, mengi yalichimbwa na mwethya za wanawake. Hawa kuketi kwa mgonjwa wameliingiza katika hesabu hiyo hiyo, wala hawakuliona kuwa jambo la kusifiwa.

Tukaufungua mfarishi, ukasifiwa. Tukamfunika. Baada ya muda mdogo tukaona jasho usoni pake, na midomo ameiuma. Binti yake akasema kwa adabu kwamba miguu ya mama haistahimili uzito. Saratani ilikuwa imeingia mifupani. Sisi tuliujaza mfarishi pamba nzuri kwa mapenzi, ratili juu ya ratili, na hatukuuliza hata siku moja katika simu zote zile mwili wake wauma wapi.

Tulisimama tumeshika pembe, hatujui tufanye nini na nyuso zetu. Ndipo mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi chini, alipokiweka kiondo chake akasema: "Ketini. Leteni hiyo nguo tuifungue." Tukaketi. Tukaifumua mishono ya majuma matano, wao kwa visu vidogo vya kukatia katani, sisi kwa meno na wembe. Pamba yote ikatoka ikajaza gunia. Yakabaki matabaka mawili ya leso, mepesi, na haya tukaanza kuyashona upya tukiwa tumemzunguka, ncha moja ya nguo ikiwa juu ya kifua chake. Akashika uzi. Akaitambua leso moja nyekundu, akamtaja mwenye nayo, akataja na aliyekuwa akisemwa kwa leso ile, jambo ambalo sisi tulidhani mtaani halijui mtu. Alicheka mpaka akaumwa. Saa ya mofini ilipofika akanywa, akalala, na sisi tukaendelea kushona, na hapana aliyeona haya kwa kunyamaza.

Hapa ndipo swali lilipotugeukia. Tulikuwa tukiuliza kipi bora, cha mkono au cha duka, tukidhani ubora u katika kitu. Sasa twaona kazi ya mkono ina fadhila moja ambayo duka halina: yampa mtu ruhusa ya kukaa. Kumkabili anayekufa ni kuzito. Mikono mitupu haijui iende wapi, ulimi hutafuta maneno ya kumjaza matumaini asiyoyataka, na macho hutafuta mlango. Mwenye sindano macho yake yana mahali pa kutua, na mgonjwa hupumzika kwa kutotazamwa. Lakini kazi hiyo hiyo ikifanywa mbali naye yageuka pazia. Majuma yote matano tulijiambia tu katika kazi yake, na kwa hivyo hatukujiona kuwa tumemwacha.

Dada mmoja wa darsa alituambia tuliporudi kwamba mahali pa mgonjwa pataka dua na dhikri, si visa vya leso. Twamheshimu, na dua tuliomba. Walakini tumwulize: katika nyumba zetu ni wangapi hufika kabla ya roho kutoka? Mtu akifa mtaani petu barabara hufungwa, viti hukodiwa, pilau hupikwa ya watu mia, na asiyekuja mazikoni huwekewa kinyongo miaka. Miezi aliyolala kitandani aliuguzwa na binti mmoja aliyechoka. Maiti ana jamaa wengi, mgonjwa hana. Hata Wamarekani mwaka 1987 walipotandaza Washington mifarishi ya kuwakumbuka waliouawa na ukimwi, kila kipande kipimo cha kaburi, waliwashonea wengi ambao walipokuwa hai walikimbiwa na watu wao wenyewe. Aibu hii basi si yetu peke yetu, lakini ya kwetu yatutosha.

Hatusemi msitume kitu. Hospisi yataka mashuka, sabuni, glovu na nauli za wauguzi, na mgonjwa usiyemjua huna njia ya kumfikia ila hiyo. Atakaye kushona na ashone, lakini na aulize kwanza wauguzi: wao watawaambia nguo iwe nyepesi, ifulike, isitiwe pamba nzito. Tuliyekosa kwake sisi hakuwa mgonjwa tusiyemjua.

Tulikaa siku tatu. Maua ya pembe yalishonwa matatu. Asubuhi ya kuondoka gari lilipiga honi kabla hatujaanza la nne, na yule mama mtu mzima akaichukua sindano kutoka mkononi mwa mwenzetu, akaichomeka katika pembe, akatuambia twendeni, kesho zamu ni yake, atalimaliza yeye.