Mwenye Maumivu Ndiye Shahidi

Wanangu, haya nimeyasema hadi sauti imenikauka, lakini nitayarudia, maana bado nawaona mkijikaza bure.

Mtu anaingia kwa daktari akichechemea, goti limevimba. Akisalimiwa, "Sijambo." Akiulizwa maumivu ni ngapi kati ya sifuri na kumi, anajibu mbili, na jasho linamtiririka. Daktari anaandika mbili. Usiku kucha anagumia, asubuhi analaumu hospitali.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Presha ina mashine, sukari ina kipimo, ila maumivu shahidi wake ni ulimi wako. Eksirei huonyesha mfupa, haionyeshi unavyouma. Wapo ambao picha za migongo yao zinaonyesha imechakaa na hawaumwi, na wapo wanaolia picha ikiwa safi. Kwa hiyo muuguzi akikuuliza kama panachoma, panadunda au pana ganzi, si udaku. Kuchoma na ganzi mara nyingi huelekeza kwenye mishipa ya fahamu, na maumivu hayo yana dawa zake. Mweleze pia yameanza lini, nini huyazidisha, na kipi huwezi tena: kusujudu, kupanda daladala, kulala. Maumivu yaliyopita miezi mitatu huenda yasiishe yote. Ukiweza tena kusujudu, hiyo nayo ni tiba.

Acheni pia kumwambia mwenzenu, "Yako kichwani tu." Hata maumivu ya kidole huhisiwa kwa kazi ya ubongo. Taarifa hupanda kwa mishipa ya fahamu, hupita uti wa mgongo, ndipo zikafika huko. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo pana mfano wa lango, linaloweza kuzibana taarifa hizo au kuziachia. Ndiyo maana ukijigonga unapasugua, pakatulia. Hofu na kukosa usingizi navyo huzidisha maumivu. Aliyekatwa mguu anaweza kuumwa na mguu usiokuwapo, na hazushi.

Sasa dawa, na hapa ndipo mnaponichosha hasa. Diklofenaki mnajinunulia dukani, mnaimeza miezi na miezi bila kuuliza, hadi tumbo linatoka vidonda na figo zinaumia. Lakini mama yenu mwenye saratani akiandikiwa mofini, mnaificha chupa mkihofia atakuwa teja. Shirika la Afya Duniani lilitoa ngazi ya dawa za maumivu ya saratani mwaka 1986: huanzia zile za kawaida, hupanda hadi mofini, na hutolewa kwa saa, si kungoja mgonjwa apige mayowe. Jirani zetu Uganda, Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993, na mofini ya maji ikawafikia wagonjwa hadi majumbani. Ikitolewa kwa kipimo na kufuatiliwa na mtaalamu, humpa mgonjwa nafuu ya kula na kuzungumza na wanawe. Hufunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha.

Na akishindwa kusema, mtazameni uso: akikunja ndita mnapomgeuza, mwambieni muuguzi. Msiongeze dozi kwa akili zenu, wala msiipunguze kwa hofu zenu. Saa ya dawa ikifika, mpeni mama dawa yake.