Mtoto Alale Wapi Usiku?



Mtoto anapozaliwa, kitanda cha wazazi hubadilika bila mtu yeyote kutangaza. Mama hulala na mtoto, na baba husukumwa ukingoni. Baada ya majuma machache baba huchukua blanketi akaenda kulala kwenye kochi sebuleni, akisema kwamba kesho ana kazi mapema. Hakuna aliyemgombeza mwenzake. Lakini mwezi wa tatu hupita, wa tano hupita, na lile blanketi halirudi chumbani. Ndugu mume, ikiwa wewe ndiwe uliyeko kwenye kochi, ukurasa wa leo ni wako. Nawe dada, ikiwa unasema moyoni kwamba afadhali abaki huko huko ili mtoto apate usingizi, ni wako pia.

Hebu tufungue Biblia, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 3, kuanzia aya ya 16. Tumeizoea habari ile kwa sababu ya hekima ya Solomoni na ule upanga. Tunasahau ilivyoanza. Wanawake wawili waliishi nyumba moja, kila mmoja na mtoto wake mchanga, na usiku mmoja wao akamlalia mwanawe akafa. Biblia haisemi kwamba mama huyo alikuwa mlevi wala kwamba alimchukia mtoto. Alikuwa amelala usingizi tu, kama mama yeyote aliyechoka. Jambo lililotokea katika nyumba ile bado linatokea katika nyumba zetu, na mara nyingi jirani huambiwa tu kwamba mtoto aliamka amekufa.

Basi mtoto alale wapi? Madaktari wa watoto hushauri alale chumba kimoja na wazazi wake, angalau miezi 6 ya kwanza, lakini mahali pake mwenyewe. Awe karibu, ila si katikati yenu. Injili ya Luka, sura ya 2, yasema Mama Maria alimvika Mtoto nguo za kitoto akamlaza horini. Hata katika umaskini ule wa Bethlehemu, Mtoto Yesu alipata mahali pake pa kulala, na mama yake karibu naye.

Wenye uwezo hununua kitanda cha watoto chenye vizuizi. Wengi hawana pesa hizo, na chumba chenyewe hakina nafasi. Lakini mnaweza kumtandikia mtoto godoro dogo sakafuni, kando ya kitanda chenu. Najua mavyaa akija kutembea atauliza kwa nini mjukuu wake analazwa chini kama mgeni asiyetakiwa. Mwambieni kwa heshima kwamba aliye chini hana pa kuanguka. Tena si ushamba. Daktari Maria Montessori, Mwitalia na Mkatoliki, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma tarehe 6 Januari 1907, alipinga vitanda vilivyo kama vizimba. Alitaka mtoto awe na kitanda cha chini ambacho atakiingia na kutoka mwenyewe anapokua.

Lakini kutandika chini kuna utaratibu wake, na kuukosea ni hatari. Godoro liwe gumu. Ukilibonyeza kwa kiganja na alama ikabaki, hilo halimfai mtoto mchanga. Inchi 4 zatosha. Msiliweke juu ya saruji tupu, kwa maana baridi na unyevu hupanda, na chini yake huota ukungu. Fundi wa mbao anaweza kuwapigia fremu fupi yenye nafasi za kupitisha hewa. Hata hivyo, lisimamisheni kila juma lipate jua. Shuka ikazwe vizuri. Mto usiwepo, wala blanketi zito, wala mwanasesere, wala ile shali nene aliyoleta shangazi. Mtoto alazwe chali kila mara, mchana na usiku, na avae nguo moja zaidi ya mnazovaa ninyi. Kusiwe na upenyo kati ya godoro na ukuta au kitanda ambao kichwa chake chaweza kukwama.

Wanaoishi Kisumu, Busia, Homa Bay au Pwani wasisahau chandarua chenye dawa. Kifungwe juu, na pindo zote zichomekwe chini ya godoro, zikazwe. Jiko la makaa lisiingie chumbani hata kama ni Julai na baridi ya Limuru. Hewa yake ya sumu haina harufu, na imewaua watu wazima, sembuse mtoto. Mshumaa na dawa ya mbu ya kuwasha viwe mbali na neti.

Sasa nizungumze na akina baba. Chumba ni kidogo, stima hupotea bila taarifa, na kuna baba anayerudi saa sita usiku baada ya kupitia mahali fulani. Godoro la mtoto lisiwe kwenye njia ya kutoka mlangoni. Liwekwe upande wa mama, penye ukuta. Na ukinywa, ndugu yangu, usimchukue mtoto umlaze nawe popote. Kwenye kochi ndiko kubaya zaidi, hata kwa mtu ambaye hajaonja tone, kwa sababu mtoto huteleza kwenye mkunjo wa matakia na kukosa pumzi. Mama anayenyonyesha usiku akihisi usingizi, amwamshe mumewe. Wewe ndiwe utakayempokea mtoto na kumrudisha mahali pake. Mathayo 2:14 inamwonyesha Mtakatifu Yosefu akiondoka usiku na kumchukua mtoto na mama yake. Hakumwambia Maria kwamba kazi za mtoto ni za wanawake.

Mtoto akishapata mahali pake, kitanda chenu kinakuwa chenu tena. Hapo wengi huona haya kuuliza: je, ni sawa mume na mke kukutana mtoto akiwa chumba kimoja? Jibu ni kwamba hakuna dhambi. Mtoto mchanga haelewi, na babu zetu walilea familia kubwa katika nyumba za chumba kimoja. Tumieni busara, vuteni pazia, zimeni taa. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 7:5, awaonya wanandoa wasinyimane isipokuwa kwa kupatana na kwa muda. Kumbukeni hayo maneno mawili, kupatana na muda. Baba wa kwenye kochi hakupatana na mtu. Aliondoka tu. Naye Papa Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1968, Humanae Vitae, alifundisha kwamba tendo la ndoa lina maana mbili zisizotenganishwa, yaani kuwaunganisha wawili na kuwa wazi kwa uhai. Wanandoa wengi hukumbuka uhai wakausahau muungano. Bila shaka mama apewe muda wa kupona, na mume asihesabu siku kama mdai.

Wengine huogopa mimba ya haraka. Basi wajue kwamba ukaribu huu wa mtoto una faida nyingine. Mama anayenyonyesha maziwa yake tu, usiku na mchana, ambaye hajaanza tena kupata hedhi, na mtoto hajafika miezi 6, ana uwezekano wa chini ya 2 kwa 100 wa kushika mimba. Yote matatu lazima yawepo. Mchana zisipite saa 4 bila kunyonyesha, wala usiku saa 6. Moja likikosekana, muulizeni mwalimu wa njia za asili katika parokia au zahanati.

Mtoto akianza kutambaa, chumba kizima kimekuwa kitanda chake. Pigeni magoti mkitazame kama anavyokiona yeye: mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, sumu ya panya, waya wa stima, beseni la maji, kabati linaloyumba. Viondoeni, na kabati lifungwe ukutani kwa msumari. Karibu na mwaka wa pili, anapoanza kuelewa na kuigiza anayoyaona, lihamisheni godoro lake nyuma ya pazia au chumba cha ndugu zake. Lihamisheni mchana naye akiwepo, akibeba shuka yake mwenyewe. Jioni baba ndiye amlaze huko, ampige ishara ya msalaba kwenye paji la uso, na akae naye mpaka alale.