Kijiti Kwenye Pindo la Kitenge

Tafakari ya juma
Somo: 1 Samweli 2:18–19



Juma hili nilipita mnadani. Nilisimama kando ya turubai la viatu vya mtumba, vile vinavyofungwa jozi kwa kamba zake na kumwagwa chini kama viazi. Mama mmoja aliinama, akafungua pindo la kitenge chake, pale ambapo wengine hufunga hela, akatoa kijiti kilichovunjwa ncha zote mbili. Akaokota kiatu cheusi cha shule, akakiingiza kijiti ndani mpaka kikagota mbele, akatazama nafasi iliyobaki kisiginoni, akakirudisha chini. Akachukua kingine. Alivipima hivyo viatu sita au saba, bila haraka, huku muuzaji akimhimiza kwamba vyote ni vizuri. Kijiti kile kilikuwa mguu wa mtoto wake aliyebaki nyumbani.

Nilimwuliza, “Mama, ulikipima lini?” Akajibu, “Jana jioni, Padre. Kile cha Krismasi nilikitia motoni, kimeshakuwa kifupi.”

Nikamkumbuka Hana, mama yake Samweli. Yeye alikaa Rama, mtoto wake akakaa Shilo akimtumikia Bwana chini ya kuhani Eli. Mara moja kwa mwaka Hana alipanda pamoja na mumewe Elkana kwenda kutoa dhabihu, na kila mwaka alimpelekea mtoto kanzu ndogo aliyomshonea kwa mikono yake. Maandiko yanalitaja jambo hilo kwa maneno machache na kupita. Lakini mzazi yeyote aliyewahi kumnunulia nguo mtoto aliye mbali anajua kazi iliyomo ndani yake. Kanzu ya mwaka uliopita haikumtosha tena. Hana alipaswa kukaa na kitambaa magotini akijiuliza: sasa ananifika wapi? Mabega yamepanuka kiasi gani? Macho aliyomtazama nayo mwaka jana ndiyo yaliyokuwa kipimo chake. Na kumbukeni kwamba kanzu ilikuwa ndogo. Hana hakushona moja kubwa ya kumfikisha mtoto utu uzima ili mikono yake ipumzike. Kila mwaka alianza upya, kwa kuwa kila mwaka alimkuta Samweli mwingine.

Wengi wetu tuna kauli tunayoitoa tukiwa tumeshika kiatu: “Atakua navyo.” Siisemi vibaya kauli hii, maana najua inatoka wapi. Tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada katika shule za msingi na sekondari za umma hadi kidato cha nne, lakini sare na viatu vimebaki mfukoni mwa mzazi. Shule zinapofunguliwa Januari, mahindi yangali shambani na ghala limepungua. Mwenye watoto wanne wa shule anatafuta jozi nne kwa mara moja. Kwa hiyo anachukua namba mbili au tatu mbele, anajaza vitambaa kwenye ncha, na kumwambia mtoto afunge kamba kwa nguvu.

Mwaka mmoja, siku ya Komunyo ya Kwanza, binti mdogo aliyevaa gauni jeupe alipiga hatua kuelekea altareni na kiatu kimoja kikabaki nyuma. Alisimama. Akamtazama mama yake, akaitazama altare, kisha akaja kumpokea Bwana akiwa na kiatu kimoja mguuni. Yesu hakumpungukia kitu kwa sababu hiyo. Ila baada ya Misa mama alikuja kwangu machozi yakimlengalenga, akasema, “Padre, nilisema atakua navyo.” Nimeibeba sauti ile hadi leo, na ndiyo inayonifanya niandike.

Kiatu kikubwa kinamchosha mtoto kwa namna tusiyoiona. Kisigino kinapochomoka kila hatua, vidole hujikunja kukishikilia kisidondoke. Anaburuza miguu, anajikwaa, ngozi inasuguliwa mpaka inatoa malengelenge. Sasa fikirini njia za parokia yetu ya Tlawi: mteremko, mlima, utelezi wa masika, tope linalong’ang’ania soli. Mtoto anayekwenda shule na kurudi kwa njia hizo ndani ya kiatu kisicho chake anafanya kazi mara mbili ya mwenzake, kisha tunamkemea kwa kuchelewa.

Daudi naye alivikwa vya mtu mwingine. Mfalme Sauli, kwa nia njema kabisa, alimvisha kofia yake ya shaba na mavazi yake ya vita. Daudi akajaribu kutembea, akaona hawezi, akavivua. Alimkabili Goliathi kwa vile vilivyomfaa: fimbo, kombeo na mawe matano ya kijitoni. Sauli alimpa kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, na bado hakikumfaa kijana yule.

Taifa letu pia liliwahi kujishonea kiatu kikubwa kuliko mguu. Pale Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa fedha za Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa zikauzwe Ulaya. Kilipoanza kazi mapema miaka ya 1980, ngozi nzuri haikutosha, vipuri havikupatikana, soko la nje halikufunguka. Kilitoa sehemu ndogo mno ya kilichotarajiwa, na mwaka 1990 kikafungwa. Waliokipanga walipima nchi waliyoitamani. Nchi iliyokuwapo siku ile haikupimwa, na kauli ilikuwa ileile: itakua nacho.

Lipo kosa la pili, na hili halina sauti. Ni kiatu kilichokuwa sawa Januari na sasa kinabana. Mtu mzima ana mifupa 26 katika kila mguu. Kwa mtoto mdogo, sehemu kubwa ya mifupa hiyo bado ni gegedu laini, na huendelea kukomaa hadi miaka ya mwisho ya ujana. Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, tukimaanisha malezi mema. Kiatu kinachobana nacho kinamkunja samaki angali mbichi: vidole vinapanda juu ya vingine, kidole gumba kinasukumwa pembeni, kucha inaingia nyamani.

Mtanijibu kwamba mtoto akibanwa atasema. Wahenga walituambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo mwenye mguu ndiye wa kuulizwa. Ni kweli, aulizwe. Ila mguu wa mtoto ni laini kiasi kwamba unaweza kukubali kubanwa bila maumivu makali, akadhani ndivyo viatu vilivyo. Na wapo wanaoumia na kunyamaza. Mtoto aliyemwona baba akiuza kuku ili apate viatu hatarudi kusema vimembana baada ya miezi minne. Atakunja vidole, ataenda shule. Ndugu zangu, ukimya wa namna hiyo ni upendo wa mtoto kwetu. Tusiuache ukamuumiza.

Hatuwezi kukimbilia kusema basi aende peku. Nyumbani, kwenye uwanja mkavu uliofagiwa, kutembea peku si dhambi na miguu hupata nguvu. Lakini njiani funza wapo, na minyoo ya safura hupenya ngozi ya mguu unaokanyaga udongo wenye uchafu, kisha hunyonya damu ya mtoto kutoka tumboni. Na baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Mtoto anahitaji kiatu, na kiatu hicho kiwe chake.

Basi tupime vipi? Mpime jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima. Mtoto asimame wima juu ya kipande cha katoni, uzito wake wote ukiwa kwenye miguu, maana akikaa mguu huwa mfupi na mwembamba. Zungusha kalamu pembeni mwa kila mguu, wa kulia na wa kushoto, kwani mara nyingi mmoja umeuzidi mwenzake. Nunua kwa kuufuata ulio mkubwa. Kisha ongeza mbele ya kidole kirefu kuliko vyote kama sentimita 1, karibu upana wa kidole kidogo cha mkono wako. Kata katoni kwa kipimo hicho, uende nayo mnadani. Ikiingia ndani ya kiatu na kulala bila kujikunja, umepata. Katoni inakupa upana ambao kijiti hakiwezi kuusema. Kama unaweza kwenda na mtoto mwenyewe, ni bora zaidi: avae na soksi zake, atembee mbele yako, nawe uangalie kama kisigino kinachomoka.

Mguu wa mtoto wa shule ya msingi hurefuka kwa wastani wa karibu sentimita 1 kwa mwaka. Namba moja ya viatu vya kipimo cha Ulaya ni kama milimita 7. Kwa hiyo ile sentimita 1 uliyoiacha mbele ndiyo “atakua navyo” iliyo halali, na humtosha mtoto karibu mwaka mzima. Namba tatu ni sentimita 2 juu ya mguu, na huo ni mzigo. Wadogo wasiofika shule hukua kwa kasi zaidi: wakague kila baada ya miezi miwili au mitatu. Wa shule, angalau kila muhula.

Kuhusu mtumba, sioni aibu yoyote ndani yake. Geuza kiatu utazame soli. Ikiwa imelika sana upande mmoja, kiatu hicho kimeshajifunza mwendo wa mtoto mwingine na kitamfundisha wako. Ingiza mkono ndani, tafuta msumari au mshono uliokakamaa. Vivyo hivyo kwa viatu vya kaka vinavyorithiwa na mdogo wake: vikiwa vizima na vinamtosha, ni baraka, vikiwa vimepinda, mpelekee kwanza fundi viatu.

Mtazameni pia fundi wa katambuga. Anakata tairi la gari lililochakaa, kiatu cha mtu asiye na kitu, lakini kabla ya kushika kisu anakwambia, “Weka mguu hapa.” Kiatu duni kuliko vyote kinakatwa juu ya mguu wa mwenyewe. Umaskini haujatunyang’anya kipimo.

Katika parokia hii, ambako Injili imehubiriwa tangu wamisionari walipofika Tlawi mwaka 1907, vizazi vya waamini vimepanda na kushuka milima hii kwa miguu kuja kusali. Wapo waliobeba viatu mkononi ili visichakae, wakavivaa walipolikaribia kanisa. Tumerithi imani kwa miguu yao. Tuitunze miguu itakayoibeba baada yetu.

Naziomba jumuiya ndogo ndogo zote: mkutano wa juma lijalo, kila familia ilete viatu vilivyokwisha kuwa vidogo, vimeoshwa na kufungwa jozi. Kilichombana mtoto wa nyumba hii huenda kinamsubiri wa nyumba ya pili. Viongozi wa jumuiya wavipange kwa namba, na wenye mahitaji wachague bila kutangazwa majina. Hatuhitaji harambee kwa hilo. Tunahitaji mtu wa kuuliza, “Wa kwako sasa anavaa namba ngapi?”

Na swali hilo linatufikisha mbali kuliko viatu. Yupo mtoto tunayempa kazi za mtu mzima kwa kuwa tunataka awe amekua. Yupo kijana wa kidato cha tatu ambaye bado tunasema naye kama wa darasa la pili, na tunashangaa anapokaa kimya mezani. Wote wawili wamevishwa kipimo ambacho si cha leo. Hana alimpenda Samweli aliyekuwapo mwaka ule, na akashona kwa ajili yake.

Jumamosi hii jioni, baada ya watoto kuoga, chukua katoni na kalamu. Baba, kazi hii ni yako pia, usimwachie mama peke yake. Piga magoti, shika kisigino cha mtoto, zungusha kalamu taratibu. Mwulize kinapombana, usikie jibu lake mpaka mwisho. Na kama una kijiti cha Krismasi kimehifadhiwa mahali, kitie motoni, umpime upya.