Je, Kutaka Makuu ni Dhambi?



Jumapili moja baada ya Misa ya vijana tulibaki nje ya kanisa tukipiga gumzo, kama kawaida yetu. Parokia niliyokuwa nikifanya mwaka wangu wa uchungaji haiko mbali na Eastleigh, Nairobi, kwa hiyo maongezi yakafika huko. Mmoja akasema, "Bruda, hawa vijana wa Kisomali hawalali. Ukipita alfajiri wanafungua mizigo, ukirudi usiku bado wako." Mwingine akadakia kwamba wanabebana tu, ati ndugu zao walioko majuu ndio wanaowatumia pesa. Kisha dada mmoja akaniuliza, "Lakini Bruda, kwani hatujafundishwa kwamba tamaa ni dhambi? Mimi nikitaka kuwa mtu mkubwa, niende nikaungame?"

Nikamjibu haraka haraka: turidhike na tulicho nacho, heri maskini wa roho. Akanyamaza. Baada ya miezi michache nilisikia kwamba alikuwa na mpango wa kuomba nafasi ya kusomea sheria, na akaacha. Huenda ni kwa sababu nyingine kabisa. Lakini jibu langu linaniuma mpaka leo, na nataka kulirekebisha. Watakaonisaidia ni hao hao vijana wa Kisomali tuliokuwa tukiwasema, hasa wale wanaoishi mbali na kwao.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu walitawanyika. Wengine wakaingia Dadaab, huku kwetu Kenya. Wengine wakafika London, Toronto, Minneapolis. Tusidanganyane, si wote waliofanikiwa. Wapo waliokosa kazi, wapo walioacha shule, wapo waliopotelea kwenye magenge. Hakuna kabila lililozaliwa na bidii kwenye damu. Lakini wako wengi walioanza na kazi ambazo wenyeji hawazigombanii, kama vile kuendesha teksi, kubeba mizigo maghalani na kukata nyama viwandani, huku wakisoma. Na mshahara ukiingia, sehemu yake inapita kwenye hawala kwenda kwa mama Mogadishu, kwa shangazi Hargeisa, au kwa binamu aliye bado kambini. Fedha zinazotumwa Somalia kwa njia hii zinapita dola bilioni 1 kwa mwaka. Wana pia mchezo wao wa kuchangishana kwa zamu, wanauita ayuuto. Ni kama chama chetu au upatu, na wengi wamepata mtaji kutoka humo.

Kijana mmoja muuza vitambaa pale Eastleigh aliwahi kunisimulia habari za dada yake aliye Minnesota. Usiku yuko kazini ghalani, mchana anasomea uuguzi. Nikamuuliza, "Hachoki?" Akacheka. "Anachoka sana, ndugu yangu. Lakini akipiga simu, kitu cha kwanza anauliza kama mama amepata dawa."

Nilipokuwa nasoma falsafa nilikutana na maneno mawili ambayo laiti ningeyakumbuka siku ile nje ya kanisa. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anatenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Kuna moyo mkuu, yaani kujinyoosha kuelekea mambo makubwa na magumu. Hiyo kwake ni fadhila! Na kuna tamaa ya makuu, yaani kutaka heshima bila mpango. Hiyo ndiyo dhambi. Tena anataja dhambi ya upande wa pili, ambayo sisi watu wa kanisani tunaisahau: moyo mdogo. Mfano anaoutoa ni yule mtumishi aliyeifukia talanta ardhini. Kumbe yule mtumishi hakuadhibiwa kwa sababu ya wizi wala ulevi. Aliogopa tu, akachimba shimo. Na mimi siku ile nilimpa dada yetu jembe.

Sasa tutajuaje kama nilicho nacho ni moyo mkuu au ni tamaa? Thomas anasema heshima inatafutwa vibaya kwa njia tatu: mtu anapotaka sifa ya ubora ambao hana, anapoitaka kwa ajili yake mwenyewe bila kumrudishia Mungu, na anapotulia kwenye heshima yenyewe, bila kuifanya iwe na faida kwa wengine.

Njia hiyo ya tatu ndiyo inayonipeleka kwenye marathoni ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021. Sisi Wakenya tunamkumbuka Eliud Kipchoge na dhahabu yake. Lakini hebu tazama nyuma yake. Walikuja watatu: Abdi Nageeye wa Uholanzi, Bashir Abdi wa Ubelgiji, na Lawrence Cherono wetu. Nageeye na Abdi wote wawili walizaliwa Mogadishu na wakakulia Ulaya. Katika mita za mwisho Nageeye, akiwa mbele, alianza kugeuka nyuma na kumpungia mkono mwenzake: njoo, njoo, usikate tamaa! Mtu anayekimbilia medali ya Olimpiki anageuka nyuma! Nageeye akapata fedha, Abdi shaba, na Cherono akaikosa kwa sekunde 2. Iliniuma kama Mkenya, siwezi kuficha. Lakini nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko ya mshindi. Nageeye aliitaka ile medali kwa nguvu zake zote, hakujifanya mnyenyekevu kwa kupunguza mwendo. Ila ndani ya kutaka kwake kulikuwa na nafasi ya mtu wa pili.

Hata hivyo moyo mkuu nao una hatari zake. Dadaab kuna neno la Kisomali, buufis. Ni ile hamu ya kuhamia ng'ambo inayomjaa mtu kama upepo, mpaka mwingine hawezi kuishi leo yake. Na huko ng'ambo, yule anayetuma pesa anaweza kufika mahali anaogopa simu ikilia, kwa sababu kila anayepiga ana shida. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Kwa hiyo hata kuwabeba wengine kusikufanye punda. Aliyeko ng'ambo ni mtu pia, naye anahitaji kulala, kusali, na kuulizwa, "Wewe mwenyewe u hali gani?"

Tena ipo siku ya kuweka chini. Halima Aden alizaliwa katika kambi ya Kakuma, akakulia Minnesota, akawa mwanamitindo maarufu duniani akiwa na hijabu yake. Novemba 2020 akatangaza kwamba anaacha maonyesho ya jukwaani, kwa sababu aliona amekubali mambo yanayopingana na dini yake. Yeye ni Mwislamu, lakini mimi mseminari nilijifunza kwake. Usipoweza kukiacha kitu, jiulize nani anammiliki mwenzake.

Wacha nami niungame kidogo hapa. Nilipomaliza falsafa na matokeo yakawa mazuri, nilianza kuota kutumwa Roma kusoma zaidi. Nilijiona nimerudi, watu wananiita Daktari, wananipisha kiti cha mbele. Katika ndoto yote ile hakukuwa na mwanafunzi hata mmoja ninayemfundisha. Kutaka kusoma hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba picha nzima ilinijaa mimi peke yangu.

Yakobo na Yohane nao walimwomba Yesu viti vya kulia na kushoto. Sisi tungewafukuza. Yesu hakuwaambia waache kutaka ukuu. Aliwaonyesha njia yake, kikombe na utumishi.

Kwa hiyo, dada yangu, kama unasoma hapa, nisamehe. Jibu langu ni hili: usiende kuungama kwa sababu unataka kuwa wakili. Omba nafasi, soma, choka kwa ajili ya kitu kizuri. Ila usiku kabla ya kulala, wewe na mimi na sisi sote tujiulize: Ninachokitaka, niko tayari kukifanyia kazi kweli, au nataka jina lake tu? Nani mwingine atakula kwenye sahani hii? Na Mungu akiniomba nikiweke chini, mkono wangu utafunguka?

Tuombe: Ee Bwana, utuondolee moyo mdogo unaofukia talanta zako, na tamaa inayozila peke yake. Utupe moyo mkuu, unaokimbia kwa nguvu na bado unakumbuka kugeuka nyuma. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.